Nyangwe wa Ujiji na Njangwe wa Tabora: ni ukoo mmoja?

Dagaa_Kibirizi (Ujiji)

Wakuu habari za jioni, na wazee wote shikamooni. Naomba msaada wa wenye kumbukumbu, hasa watu wa Ujiji, Tabora na Buyenzi kule Bujumbura.

Mimi nauza dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi, nachambua, nafunga magunia, napakia treni ya kwenda Tabora na Dar. Juu ya kila gunia naandika kwa maka peni jina la mpokeaji na kituo, herufi kubwa, ili wapakuaji wasichanganye mzigo wa mtu. Mwezi wa tatu nilipata mteja mpya wa Tabora. Tukakubaliana bei kwa simu, nikamuuliza niandike nani. Akajibu, "Andika Njangwe." Nikaandika N, mkono ukasimama. Ukoo wetu sisi ni Nyangwe.

Nikamuuliza, "Baba, ni Njangwe au Nyangwe?" Akasema Njangwe, j ya njaa, ndivyo lilivyo kwenye kitambulisho chake na kwenye karatasi za marehemu baba yake. Nikamuuliza asili yao ni wapi. Akasema wazee walikuwa wakisema Manyema, yaani watu wa mashariki ya Kongo, basi, hawakuendelea.

Mwenye ukoo wa Juma au Hamisi labda hatanielewa. Nina miaka arobaini na mbili, na tangu naanza darasa la kwanza sijakutana na Nyangwe ambaye hakulelewa kwenye nyumba yetu. Nikiwa shule kila mwalimu mgeni akiita majina, akifika langu anainua kichwa. Mmoja aliniuliza kama sisi ni watu wa Mara. Mwingine akaniuliza kama baba ni mkimbizi, mbele ya darasa zima. Kwa hiyo kusikia jina hilo likitoka kwenye simu, mdomoni mwa mtu nisiyemjua, mwili ulisisimka.

Nyumba yetu iko Kitongoni. Babu mzaa baba alizaliwa humo, na baba yake babu ndiye aliyevuka ziwa. Hapo ndipo maneno yanapogawanyika. Bibi, Mungu amrehemu, alishikilia kwamba Nyangwe ni mtu, ndilo jina la huyo aliyevuka. Baba mkubwa alisema Nyangwe si mtu, ni soko, liko kwenye mto mkubwa huko Kongo, na kwamba mwanamke wa kwanza wa ukoo wetu alichukuliwa hapo kapu likiwa kichwani. Bibi akiyasikia hayo alikuwa anainuka, anajitwika ungo wake, anakwenda uani. Hakugombana na mwanawe hata siku moja. Anainuka tu. Nasi watoto tukajifunza kutouliza.

Ushahidi nilio nao ni msahafu wa babu. Upande wa ndani wa jalada kuna majina ya waliozaliwa, yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino umekuwa rangi ya chai, na pembe moja imeliwa na mchwa. Mwalimu wa madrasa alinisomea herufi moja moja: nuni, ya, nuni, ghaini, wau, ya. Akasema, "Hapa naweza kusoma Nyangwe, na naweza kusoma Nyangwi. Maandishi haya hayatofautishi." Na kweli, mdogo wangu wa kiume ofisi moja ilimwandika Nyangwi, akahangaika na hati ya kiapo karibu mwaka mzima. Kwa hiyo sasa nina Nyangwe, Nyangwi na Njangwe.

Shangazi yetu alipofariki mwezi wa sita nilimtaarifu yule mteja kwa adabu tu ya biashara. Akaja kwenye arobaini! Alipanda treni na mchele kilo ishirini, akakaa barazani na baba zangu wadogo mpaka alasiri. Mimi napakua wali, namwangalia kwa pembeni. Baba mdogo akaingia jikoni akaninong'oneza, "Umekiona kidole gumba chake? Ni cha baba yako."

Ninachouliza ni hiki: je, huyu ni ndugu yetu? Na hili jina limetoka wapi hasa, mbona ni la watu wachache hivi?

Mha_Halisi (Kasulu)

Dada, pole kwa msiba. Mimi kwa haraka ningesema ni jina la kwetu Buha. Angalia majina ya mahali: Nyakitonto, Nyarugusu, yote yanaanza na Nya. Inawezekana mzee wenu alipofika Ujiji akapewa jina na wenyeji.

Ila niongeze jambo moja. Sisi Waha zamani hatukuwa na jina la ukoo la kurithishana. Kila mtoto alipewa jina lake, na mara nyingi jina hilo linabeba habari za siku aliyozaliwa: njaa, ugomvi wa majirani, shukrani kwa Mungu. Babu yangu na ndugu zake watano walikuwa na majina sita, na hakuna lililofanana na la baba yao. Sasa hivi sisi wajukuu wote tunatumia la babu, kwa sababu shuleni waliomba jina la tatu. Kwa hiyo usidhani jina la ukoo ni la kale sana. Laweza kuwa na umri wa bibi yako.

Mzee_wa_Isevya (Tabora)

Marahaba mwanangu, na pole kwa shangazi. Nimeisoma habari yako mara mbili. Nilikuwa karani wa mishahara reli hapa Tabora, nilianza wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, nikastaafu nikiwa TRC. Majina ya watu ndiyo yaliyonilisha, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kijana wa Kasulu kasema vizuri kuhusu jina la tatu, lakini Nyangwe si Buha. Baba yako mkubwa ndiye mwenye kauli. Nyangwe ni mji, sasa umebaki kijiji, uko ukingo wa mashariki wa mto Lualaba katika jimbo la Maniema, si mbali na Kasongo. Enzi za misafara ndio uliokuwa mwisho wa njia: mtu akitoka Bagamoyo anapita Tabora, anafika Ujiji, anavuka ziwa, anapita Kabambare, ndipo anaikuta Nyangwe. Wafanyabiashara wa pwani waliweka kituo pale kwa ajili ya pembe za ndovu na watumwa. Lakini soko lilikuwa la wenyeji, tena la akina mama. Walikuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo zote mbili, na samaki, vyungu, chumvi, kuku, mafuta ya mawese.

Livingstone aliishi hapo miezi kadhaa mwaka 1871 akitafuta mitumbwi, kwa kuwa alidhani mto ule ndio Naili. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wakafyatua bunduki katikati ya wauzaji. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama kwa kujaa, wengine wakajitosa mtoni na mkondo ukawachukua. Hesabu ya kwanza waliyoitoa Waarabu wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akakata tamaa, akarudi Ujiji. Alifika hapo penu mwezi Oktoba, mgonjwa, na ndipo Stanley alipomkuta. Miaka mitano baadaye Stanley naye alikwenda Nyangwe, akaufuata ule mto, ukamtoa Boma mwaka 1877. Kumbe ni mto Kongo.

Sisemi mwanamke wenu mwenye kapu alikuwepo siku ile. Watu walichukuliwa siku nyingi. Lakini hadithi ya soko na kapu haikutungwa Kitongoni. Imebebwa kutoka huko.

Sasa jina lenyewe. Hakuna anayeitwa Nyangwe akiwa Nyangwe. Ukiwa kwenu una jina lako na la baba yako, mahali hapakutambulishi, maana kila mtu ni wa hapo. Mahali panakuwa jina mtu akishaondoka. Anafika ugenini, kuna akina Feruzi saba na akina Mabruki kumi, watu wanamwambia Feruzi wa Nyangwe, kisha "wa" inadondoka. Ndiyo maana ukienda leo Maniema kuutafuta ukoo wa Nyangwe utachoka. Utafute barabarani: Ujiji, Tabora, Bagamoyo, Dar es Salaam, Bujumbura.

Na uchache wake unatokana na hapo. Wengi waliovuka walijumlishwa kwa neno moja, Manyema, likatosha. Wenye kubaki na jina la mji wao ni wachache, na kati ya hao ni wachache zaidi ambao mtoto, na mjukuu, na kitukuu waliendelea kuandikwa hivyo. Kwenye orodha zangu za mishahara Kasongo niliwaandika wengi. Lakini Kasongo halikuonyeshi njia, kwa sababu ni jina la mji na pia ni jina la watu, Waluba walikuwa na watawala wa jina hilo. Njangwe nililiandika mara mbili katika utumishi wangu wote. Nyangwe, kwa y, sikuliandika kamwe.

Hapo ndipo nikupe kitu cha kushika. Mjerumani akiandika sauti ya y anatumia j. Tafuta ramani yao yoyote ya zamani: Unjamwesi, Unjanjembe. Na kwa kuwa j yao ni y, sauti yetu ya j waliiandika dj, ndiyo maana muhuri wao wa posta wa kwenu uliandikwa Udjidji. Nyangwe kwenye ramani zao ni Njangwe. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, watu waliandikwa kwa kalamu hiyo. Wakoloni wa Kijerumani wakaondoka, kusoma kukabadilika, na j ikawa ya njaa. Familia iliyolitunza jina kwa karatasi ikaanza kulitamka kama karatasi inavyosema. Familia iliyolitunza kwa mdomo na kwa msahafu ikabaki na Nyangwe. Naona ninyi ni wa mdomo, na mteja wako ni wa karatasi.

Mwambie atafute karatasi ya zamani kuliko zote waliyo nayo. Atazame kama kabla ya Njangwe kuna neno fupi, aus. Ni "kutoka".

Bibi yako naye usimhesabu kuwa alikosea. Kama watu wote wa mtaa walimwita baba mkwe wake Nyangwe, basi kwake Nyangwe alikuwa mtu. Na kuhusu kuinuka kwake, nakuomba ulitazame kwa huruma. Wajerumani waliamuru kwamba watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 wawe huru, na utumwa ukafutwa kabisa kisheria Tanganyika mwaka 1922, Mwingereza akiwa amekwisha kushika nchi. Bibi wa umri huo alikua na watu ambao jirani angeweza kuwatukana kwa neno moja tu wakanyamaza. Kusema "sisi ni Manyema" kulikuwa kusema tuna kwetu. Zaidi ya hapo hawakutaka tuchimbe.

Dagaa_Kibirizi

Mzee wangu, nimesoma nikiwa nimekaa juu ya magunia hapa stesheni na nimelia. Sikuwahi kufikiri kwamba bibi alikuwa anamlinda mtu. Nilidhani anamkasirikia baba mkubwa.

Nimemtumia mteja ujumbe kuhusu hiyo karatasi. Amesema iko kwa dada yake, kwenye sanduku la bati, ataifuata wikiendi.

Mkuu wa Kasulu nawe asante, hilo la umri wa jina limenisaidia.

Mama_Buyenzi (Bujumbura)

Shoga yangu, salamu kutoka ng'ambo. Mimi nimezaliwa Buyenzi, mama yangu ni wa Ujiji, kwa hiyo nina mguu huku na huku.

Mzee wa Tabora kaeleza kalamu ya Mjerumani. Niongeze ya Mbelgiji. Askari wake kutoka Kongo waliingia Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba mwaka huohuo, na Kigoma wakakaa mpaka 1921. Hao nao walikuja na majina ya kwao, na wapo waliooa. Kwa hiyo si kila jina la Kongo lililopo Kigoma lilikuja na misafara. Muulize mteja wako kama mzee wao alikuwa askari.

Na kuandika kwetu ni kwa Kifaransa. Juma ni Djuma, Rajabu ni Radjabu. Jina lenu ukilitafuta huku jaribu na Niangwe. Lakini shida kubwa zaidi ni kwamba Burundi mtoto hachukui jina la baba. Baba ana lake, kila mtoto ana lake. Mtaani kwetu kulikuwa na fundi wa kofia aliyekuwa akiitwa Mzee Nyangwe, alikaa karibu na msikiti, mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama za sindano kama dengu. Alifariki kabla ya vita ya 1993. Ana watoto, na wajukuu nawajua wawili, mmoja anauza simu. Hakuna hata mmoja mwenye Nyangwe kwenye kitambulisho. Ukihesabu kwa karatasi, huku hakuna Nyangwe. Ukija kuuliza barazani, wapo.

Kongo ni hivyohivyo kwa namna yake. Mwaka 1972 Mobutu alipoamuru watu waache majina ya Kizungu, wengi walijiongezea majina ya mababu, na ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kuchukua mababu tofauti. Kwa hiyo dada, usifuate herufi peke yake.

Nitamuuliza huyo muuza simu kama babu yake aliwahi kutaja Kitongoni. Sisi tukiuliza wazee wetu walikotua, wengi wanataja Ujiji kwanza.

Mpekuzi_Ilala (Dar es Salaam)

Naomba niseme kitu ambacho huenda hakitafurahisha, lakini nakisema kwa nia njema kwa sababu nimepita njia hiyo na ukoo wangu, nikaumia.

Jina la mji mmoja haliwafanyi watu kuwa damu moja. Soko lililokusanya watu wa ng'ambo mbili za mto lilikuwa na Wagenya wenye mitumbwi, Wakusu, Wabangubangu na wengine. Wawili wanaweza kuitwa "wa Nyangwe" na mmoja alizaliwa hapo, mwingine alilala hapo usiku tatu akiwa amefungwa, wa tatu alikuwa askari wa msafara. Kidole gumba nacho, dada, sote tukimpenda mtu tunakiona.

Wala usitegemee takwimu. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa watu 61,741,120 nchi nzima, Kigoma 2,470,967 na Tabora 3,391,679, lakini haikuuliza kabila. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Ukitafuta Nyangwe kwenye intaneti, utaletewa pia ngome ya mawe ya Nyangwe iliyopo Nyanga, Zimbabwe. Haihusiani na Lualaba, sauti zimekutana tu.

Unachoweza kufanya ni kuulizana mambo ambayo karani hakuyaandika. Wazee wao walisema wao ni kabila gani kabla ya kuwa Manyema? Wana mwiko gani wa chakula? Na majina ya wanawake yanayorudi kila kizazi ni yapi? Mimi ndugu zangu wa kweli niliwajua kwa jina la bibi. Majina ya wanaume yalikuwa yamebadilishwa kwenye kila meza ya ofisi, la bibi halikuguswa kwa sababu hakuna aliyelihitaji kwa kodi.

Kama utafika Dar, nenda Kariakoo, Msikiti wa Manyema, ukae na wazee baada ya swala ya alasiri. Usianze na swali. Anza na kusema wewe ni mtoto wa nani na Kitongoni mko upande gani.

Mzee_wa_Isevya

Mpekuzi kasema haki. Mimi niliithibitisha njia, sikuuthibitisha udugu. Fuata hayo maswali yake matatu, hasa la bibi.

Dagaa_Kibirizi

Wakuu, nimerudi. Imepita wiki tatu, samahani kwa ukimya, mwezi ulikuwa gizani na dagaa walikuwa wengi, sikulala.

Karatasi imepatikana. Dada yake mteja aliitoa sandukuni, wakaipiga picha juu ya meza yenye kitambaa cha maua, nikatumiwa. Ni kipande kidogo kama nusu ya daftari, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Juu kuna maandishi ya chapa ya Kijerumani, chini kuna mwandiko wa kalamu uliolalia kulia. Kuna jina la mtu mmoja tu, jina lake la kwanza, halafu mstari wa chini yake umeandikwa, na mimi niliukuza kwenye simu mpaka ukawa vumbi: *aus Njangwe*. Pembeni: *Manjema*. Mzee wa Isevya, ni kama ulikuwa umeishika mkononi.

Nilimpigia mteja kumweleza maana ya hilo neno fupi. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo babu aliulizwa anakotoka, akajibu. Sisi tukaenda na jibu lake miaka yote hii." Kisha akaniambia anataka kwanza kumwambia dada yake, akakata simu.

Nilikwenda na maswali ya Mpekuzi kwa baba mdogo, siku ya Ijumaa, baada ya kula. La kabila hakulichelewesha hata kidogo: Wagenya, watu wa mitumbwi. Akasema ndiyo maana babu alikataa kulima, kazi yake ikawa ziwani tu. Sikuwahi kulisikia neno hilo nyumbani, na yeye alilitamka kama mtu anayetaja jina la jirani. La mwiko alisema hakumbuki. La wanawake alinitajia matatu, na moja ni langu mimi. Nilikuwa najua nimepewa la bibi mkubwa, sikujua kwamba naye alirithi.

Upande wa Tabora wao wamesema Wakusu. Dada yake mteja ana uhakika, alilisikia kwa bibi yake zaidi ya mara moja. Na majina ya wanawake wao hayafanani na yetu hata moja. Mzee wao hakuwa askari wa Mbelgiji, karatasi ni ya kabla.

Kwa hiyo inaelekea mji ni mmoja na damu ni mbili. Nilipomwambia baba mdogo nilitegemea atahuzunika kwa ajili ya kile kidole gumba. Akasema, "Mtu aliyepita njia moja na baba yangu, akakaa barazani kwangu kwenye arobaini, unataka nimwite nani?" Tangu siku hiyo anamwita mdogo wangu, na mteja anamwita kaka. Mimi namwita baba mdogo, kama ninavyowaita wa nyumbani.

Juzi nilipofunga mzigo nilimuuliza tena niandike nini kwenye gunia. Akasema niandike la kwao, kwa j, wapakuaji wa Tabora wameshalizoea. Nikaandika hivyo.

Nasafiri kwenda Tabora mwezi ujao, nitabeba mawese na migebuka mikavu, na nitaupeleka msahafu nikiwa nimeufunga kwenye kanga mbili. Dada yake anataka kuuona mwandiko. Mzee wa Isevya, ukiniruhusu nitafika na kwako kukusalimu.

Mama Buyenzi, kwa yule muuza simu usimuulize Kitongoni kwanza. Muulize babu yake alisema yeye ni nani, Mgenya au Mkusu au mwingine. Na wa Bagamoyo mnaosoma hapa, kama mnamjua mtu wa Nyangwe, Njangwe, Nyangwi au Niangwe, hata kama lilikuwa jina la mtaani tu, tafadhali niandikieni na majina ya bibi zake.